Thor Akirudi Leo, Tutamwita Nani?

Katika mji wa Listra, ndani ya Uturuki ya leo, mtu aliyezaliwa kiwete alisimama akatembea baada ya Paulo kumwamuru asimame. Umati haukungoja maelezo. "Miungu wametushukia kwa mfano wa wanadamu," walipaza sauti, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada ya maua ili achinje. Mitume wakararua nguo zao wakiwasihi waache. Kisa kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, nami hukikumbuka kila ninapoulizwa swali ambalo vijana wamelipenda siku hizi: miungu ya kale ya Skandinavia, akina Odin mkuu wao, Thor mwenye radi na Freyja, ikirudi kweli duniani, watu wa leo watafanyaje?

Tazama sarufi kwanza. Biblia hiyohiyo ya Kiswahili, katika Kutoka 20, inaamuru: "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Mingine, kama miti mingine na mito mingine. Lakini kule Listra, watu walipoamini kwamba wanawaona kwa macho yao, ikawa "miungu wametushukia". Neno ni moja, upatanisho ni wa namna mbili. Miungu ya mbali, ile ya kukatazwa, imekaa na miti. Waliosimama barabarani wakiongea wamekaa na watu. Sidhani kama wafasiri walikusudia kutufundisha chochote hapo, ila swali letu lote limo ndani ya tofauti hiyo. Dini za leo zina uzoefu wa karne nyingi wa kushughulika na miungu mingine. Uzoefu wa kushughulika na miungu wengine, wenye miguu na sauti, ni mdogo mno.

Wengi wetu tumemjua Thor kwenye vibonzo na sinema za Marekani, kijana mwema wa nywele za dhahabu. Thor wa masimulizi ya Iceland ana ndevu nyekundu na gari linalokokotwa na mbuzi wawili. Jioni huwachinja akawala, na asubuhi huinyanyua nyundo yake juu ya ngozi na mifupa, mbuzi wakainuka wazima. Odin naye si babu mpole. Alitoa jicho moja kwenye kisima cha Mímir ili anywe hekima, akajitundika mtini usiku 9 akiwa na jeraha la mkuki ili azipate runi, zile herufi za siri, na huwasaliti hata mashujaa awapendao kwa sababu anawahitaji wafe wajiunge na jeshi lake. Anakusanya jeshi kwa ajili ya Ragnarök, siku ya mwisho wa miungu, siku anayoijua na asiyoweza kuizuia. Siku hiyo mbwa mwitu Fenrir atammeza. Thor ataliua joka linaloizunguka dunia, atapiga hatua 9, kisha ataanguka kwa sumu yake.

Basi tunazungumza juu ya miungu inayozaliwa, inayodanganywa, inayozeeka ikikosa matunda ya ujana anayoyatunza Iðunn, mmoja wao, na inayokufa. Na haikudai imani. Watu wa kale wa Kaskazini waliyaita mambo haya siðr, na tafsiri iliyo karibu zaidi kwa Kiswahili ni mila wala si dini. Hapakuwa na shahada ya kutamka. Palikuwa na zawadi: unatoa, unapewa, na usipopewa unatoa zaidi au unageukia mungu mwingine.

Tunaye shahidi Mwislamu wa jambo hilo. Mwaka 921 khalifa al-Muqtadir alituma ujumbe kutoka Baghdad hadi kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, na katika ujumbe huo alikuwamo Ahmad ibn Fadlan. Huko Volga alikutana na Warus, wafanyabiashara wenye asili ya Skandinavia waliokuja kwa mashua. Anaeleza kwamba kila mmoja, akishafika, hushuka na mkate, nyama, vitunguu, maziwa na kileo, akaenda kwenye gogo refu lililosimikwa ardhini, lenye uso mfano wa binadamu, limezungukwa na sanamu ndogo. Husujudu, hulitajia idadi ya wajakazi na ngozi alizokuja nazo, kisha huomba aletewe mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi asiyebishana bei. Biashara ikizorota hurudi na zawadi ya pili, na ya tatu. Ikinyooka huchinja.

Ibn Fadlan alishangaa, akakirihika, akaandika kila kitu kwa makini. Alishuhudia mjakazi akiuawa katika mazishi ya bwana wake, na habari ile haisomeki bila kuumia. Hapohapo Mrus mmoja alimwambia mkalimani kwamba Waarabu ni wapumbavu kwa kumfukia mpendwa wao aliwe na wadudu, ilhali wao humchoma kwa moto akaingia peponi papo hapo. Walipishana bila kugombana. Msafiri yule hakuwa na sababu ya kutikisika, kwa kuwa mbele yake lilikuwa gogo tu. Je, gogo lingejibu?

Hapo ndipo watu hudhani Uislamu ungekwama. Haukwami. Katika Suratul An'am, Ibrahim anaiona nyota, kisha mwezi, kisha jua, na nyota inapotoweka anasema hawapendi wanaotua, kisha mwezi na jua navyo vikitua anaviacha. Hoja yake haigusi nguvu wala mwanga. Jua lina nguvu kuliko Thor. Hoja ni kwamba kinachotua si Mola. Odin, anayeijua siku atakayomezwa, ni mungu anayetua kwa ushahidi wa washairi wake mwenyewe. Na kiumbe mwenye nguvu, aonekanaye akitaka na apoteaye akitaka, ana jina tayari tangu zamani: jini. Kijana wa Lamu au Unguja asingelazimika kutunga msamiati mpya.

Lakini kuna jambo lililonipita hadi nilipofundishwa nyumbani. Nilikuwa barazani nikimsimulia mpwa wangu wa kidato cha pili habari za Odin, na shangazi yangu yuko pembeni anachambua mchele. Nilipofika kwenye jicho, mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Ana chongo?"

"Ndiyo, shangazi. Alilitoa mwenyewe, apate hekima."

"Na anafanya maajabu? Na watu watamfuata?"

"Wengine watamfuata."

"Basi mwanangu, huyo tumekwisha kuonywa," akasema, akaendelea na mchele wake.

Alikuwa na hadithi sahihi nyuma yake. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaonya watu juu ya Dajali, akawapa alama iliyo wazi: yeye ana chongo, na Mola wenu hana chongo. Odin akitokea leo sokoni Mombasa akiwa na miujiza mkononi na jicho moja usoni, mjadala wa majini usingefika mbali. Kwa Waislamu wengi lile jicho ndilo lingekuwa jibu. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Anayempenda Odin ataliona jicho lile kama sadaka tukufu, na aliyeonywa ataliona kama muhuri wa uongo, na wote wawili wanatazama uso uleule.

Ukristo una kumbukumbu ndefu zaidi, maana uliwahi kupambana na miungu hii ana kwa ana, nao ulikuwa na majibu zaidi ya moja. La kwanza lilikuwa shoka. Karibu mwaka 723 Bonifasi aliukata mwaloni wa Donar, ambaye ndiye Thor wa Wajerumani, mahali paitwapo Geismar, na mbao zake zikajenga nyumba ya sala. La pili lilikuwa kiapo: Wasaksoni waliobatizwa walitamkishwa kwamba wanawakana Thunaer, Woden na Saxnot, pamoja na mapepo wote walio wenzao. Angalia kwamba kiapo hicho hakisemi hawapo. Kinasema wapo, na ni mapepo. La tatu lilikuja baadaye, kwa kalamu ya Snorri Sturluson wa Iceland, karibu mwaka 1220. Alikuwa Mkristo aliyeyapenda mashairi ya babu zake, akaandika kwamba Odin na wenzake walikuwa watu tu, wafalme wenye asili ya Troy waliohamia Kaskazini, na wajinga wakawaabudu. Bila hila hiyo ya upendo pengine tungepoteza nusu ya tunayoyajua.

Na kulikuwa na jibu la watu wa kawaida, ambalo halikuandikwa na askofu yeyote. Kitabu cha walowezi wa kwanza wa Iceland kinamtaja Helgi aitwaye Mwembamba, aliyemwamini Kristo lakini alimwita Thor kwa safari za baharini na mambo magumu. Katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark, Copenhagen, kuna kalibu ya jiwe laini kutoka Trendgården, ya karne ya 10. Ni jiwe linaloenea mkononi. Ndani yake fundi alichonga umbo la msalaba na umbo la nyundo ya Thor, kwa hiyo fedha ileile iliyoyeyushwa kwenye chungu kimoja ilimwagwa kwa yeyote mteja aliyemtaka. Kila nikiifikiria kalibu hiyo namwona yule fundi akiuliza tu, kama muuza duka, "Wewe unataka ipi?"

Ninaamini majibu yote hayo yangefufuka. Makanisa ya kilokole yangekesha yakikemea. Roma ingeunda tume na kukaa kimya miaka. Na watu wa kawaida wangeenda ibada Jumapili, kisha wakipanda meli usiku wa dhoruba wangenong'ona jina jingine. Sisi huku hatuna haki ya kuwashangaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wachungaji wa Kiswidi walifika Bukoba, na mwaka 1961 Bengt Sundkler akawa askofu wa kwanza wa Kilutheri huko. Wajukuu wa wajukuu wa waliokatazwa Thor walikuja kuwakataza Wahaya Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu Sundkler alikuwa mtu aliyesikiliza, na aliyempokea uaskofu mwaka 1964 alikuwa Mhaya, Josiah Kibira.

Wahindu na Wabuddha wangepata taabu ndogo. Indra wa Veda tayari ni mwenye radi na muuaji wa joka, na wataalamu wa lugha wanajua kwamba jina la mungu Týr lina mzizi mmoja na deva la Kisanskriti na deus la Kilatini. Kwa Mbuddha, deva huzaliwa, hustarehe muda mrefu sana, kisha hufa. Odin angekuwa mfano wa kufundishia.

Nchi ya kuitazama kwa karibu ni Iceland, kwa sababu iliwahi kuiaga miungu hii kwa sheria na baadaye ikaikaribisha tena kwa cheti. Mwaka 1000, au 999 kwa hesabu ya wengine, mkutano wa taifa ulikaa Þingvellir ukiwa umegawanyika hadi kukaribia vita. Uamuzi ukaachwa kwa Msema Sheria, Þorgeir, ambaye mwenyewe aliifuata miungu ya kale. Alijifunika joho, akalala chini yake mchana na usiku bila kusema neno. Alipoinuka akasema tukiipasua sheria tutaipasua na amani: wote wabatizwe, lakini mwenye kutaka kutambika kwa siri na atambike, na nyama ya farasi iendelee kuliwa. Miaka michache baadaye ruhusa hizo zikafutwa. Karne iliyofuata askofu Jón Ögmundsson wa Hólar akayaondoa hata majina ya miungu kwenye siku za juma. Ndiyo maana Mwingereza bado anaitaja siku ya Thor kila wiki, huku Mwiceland akisema fimmtudagur, siku ya tano, maana ileile iliyo ndani ya neno letu Alhamisi.

Mnamo Aprili 1972, siku ya kwanza ya kiangazi kwa kalenda yao, mfugaji wa kondoo na mshairi Sveinbjörn Beinteinsson akaanzisha na wenzake jumuiya ya kuifuata tena miungu hiyo, iitwayo Ásatrúarfélagið. Askofu wa Kanisa la Kilutheri la Iceland alipinga hadharani. Waiceland husimulia mpaka leo kwamba Sveinbjörn alipotoka kuonana na waziri mhusika, radi ilipiga na taa zikazimika katikati ya Reykjavík. Mwaka 1973 serikali iliisajili. Leo ina watu zaidi ya 5,000 katika nchi isiyofikisha watu 400,000, inafungisha ndoa na kuzika, na hutambika kwa kinywaji na maneno bila kumwaga damu.

Sasa, kama Thor angeshuka kesho Öskjuhlíð, kilima cha Reykjavík penye kiwanja cha hekalu lao, angepokewaje na hao walio wake? Kuhani wao mkuu, mwanamuziki Hilmar Örn Hilmarsson, amekwisha kueleza hadharani kwamba haamini kuna mtu anayemwamini kikweli mzee wa jicho moja juu ya farasi wa miguu 8. Wao wanaziona hadithi hizi kama mafumbo ya kishairi, sura za nguvu za asili na za nafsi ya mtu. Naiheshimu imani hiyo. Lakini ione inavyokabwa na swali letu. Mwislamu na Mkristo wana pa kumweka mgeni: jini, pepo, Dajali, kiumbe. Anayelazimika kuanza upya ni yule ambaye dini yake imesimama juu ya fumbo, na fumbo limebisha hodi.

Wapo pia waliopigania miungu hii mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja, iliunga mkono sheria inayolinda ibada za wafungwa katika kesi ambayo walalamikaji wake walikuwamo wafuasi wa Ásatrú, jina la leo la mila hii. Tangu mwaka 2013 nyundo ya Thor inaruhusiwa kuchorwa kwenye mawe ya makaburi ya wanajeshi wastaafu wa nchi hiyo.

Na wapo walioiiba. Hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Himmler, mmoja wa wakuu wa Wanazi wa Ujerumani, alivisha runi kola za askari wake wa SS, na Januari 2021, siku Bunge la Marekani lilipovamiwa, mtu aliyepigwa picha kuliko wote alikuwa amechorwa nyundo ya Thor tumboni. Chama cha Asatru Folk Assembly, kinachofundisha kwamba mila hii ni ya watu wenye asili ya Ulaya peke yao, kilinunua kanisa la zamani la Kilutheri katika mji mdogo wa Murdock, Minnesota, na mwaka 2020 kikapewa kibali cha kukusanyika humo. Makundi mengi ya wafuasi wenzao yalikuwa yameshajitenga nao hadharani tangu 2016, kwa tamko lililochukua jina lake kwenye ubeti wa 127 wa shairi la Hávamál, ule usemao ukiuona uovu uutaje kuwa ni uovu.

Hao wanaohubiri usafi wa damu wameyasoma mashairi? Mama yake Odin, Bestla, ni binti wa majitu, adui wa miungu. Mama yake Thor naye huhesabiwa katika ukoo huohuo. Mungu Freyr alimpenda Gerðr binti wa jitu hadi akatoa upanga wake ampate, na kwa kuukosa atakufa siku ya Ragnarök. Loki, ndugu wa damu wa Odin kwa kiapo, ni mwana wa jitu. Hakuna nyumba iliyochanganyika kama Ásgarðr, makao ya miungu hiyo.

Isitoshe, mashairi yanasema Odin anavyokuja, na haji na jeshi. Huja kama mzee mgeni, kofia pana imefunika jicho, joho la buluu, na halitaji jina lake la kweli. Shairi la Grímnismál linasimulia alivyoingia hivyo kwa mfalme Geirröðr. Alipokataa kujieleza, mfalme alimkalisha kati ya mioto miwili usiku 8, bila chakula wala maji. Mtu mmoja tu katika jumba lile alimwendea: Agnarr, mtoto wa mfalme, mwenye umri wa miaka 10, akamletea pembe iliyojaa kinywaji, akisema baba yake amekosea kumtesa asiye na hatia. Joho lilikuwa limeanza kuungua. Ndipo mgeni akaanza kuyataja majina yake, moja baada ya jingine, hadi la mwisho. Mfalme alipolisikia akaruka kwenda kumtoa motoni, upanga ukamponyoka, akajikwaa, ukamchoma.

Ukinilazimisha kutabiri, nitasema hivyo ndivyo ingekuwa. Mzee wa jicho moja kwenye foleni ya mpaka wa nchi fulani ya Ulaya, hana pasipoti, anataja jina tofauti kwa kila afisa anayemuuliza. Wanamchukua alama za vidole. Wanamweka kwenye chumba chenye taa isiyozimwa. Maimamu, maaskofu na wanahabari hawajui lolote bado. Wa kwanza kumjibu Odin asingekuwa mwanateolojia, angekuwa mlinzi wa zamu ya usiku anayeamua kama amletee maji au asimletee.

Bado tunasema "akirudi" kana kwamba ndivyo ilivyotabiriwa. Völuspá, shairi kuu la mwanzo na mwisho wa dunia, halimrudishi Odin, wala Thor. Baada ya moto kuzimika, nchi inapanda kutoka baharini mara ya pili, mbichi, na mashamba yanazaa bila kupandwa. Anayerudi ni Baldr, mwana wa Odin aliyeuawa angali kijana, na anarudi pamoja na Höðr, ndugu yake kipofu aliyemuua kwa kudanganywa na Loki. Wanakaa nyumba moja, katika kumbi za baba yao. Majanini wanaviokota vipande vya dhahabu vya bao ambalo miungu ililicheza zamani. Shairi jingine linataja watu wawili, Líf na Lífþrasir, waliojificha msituni na kuishi kwa umande wa asubuhi. Hakuna shairi hata moja linalosema kama watu hao walitoka msituni wakaenda kuwaamkia.